Kamusi imekupa maneno manane ya Kislovakia kwa neno moja la Kiingereza: utachukua lipi?

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kislovakia kwenye "get", utakuta orodha ndefu. Mwenye haraka huchukua neno la kwanza, "dostať", akalipeleka kila mahali. Anachopata ni sentensi ambayo Mslovakia anaielewa nusu, au anaielewa vingine kabisa.

Kosa si la Kislovakia. Kiingereza kina maneno mafupi machache yaliyobebeshwa kazi nyingi, na sisi tunaosema Kiswahili tunajifunza Kislovakia kwa kupitia humo, kwa kuwa vitabu na programu nyingi zinaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kutafuta neno la Kislovakia, sema kwanza unachotaka kwa Kiswahili, kwa kitenzi kamili. Mara nyingi Kiswahili kimeshagawanya maana palepale Kislovakia kinapogawanya. Pasipo hivyo nitapaonyesha, maana hapo ndipo pa kuwa macho.

Matamshi kwa ufupi, ili uweze kusoma mifano: "j" ni y yetu, "c" ni ts, "č" ni ch, "š" ni sh, na "ch" ni kh kama katika Khamisi. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, si ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Alama iliyo juu ya "á" au "í" inarefusha sauti tu, haihamishi mkazo.

"Get", na ndoa za watu

Maana ya msingi, kupokea au kupata kitu, ndiyo "dostať": "Dostala som list", nimepata barua. Ukiongeza "sa" inakuwa kufika mahali kwa njia fulani: "Ako sa dostanem na stanicu?", nitafikaje stesheni? Hapo kazi ya "dostať" inakaribia kwisha. Kupanda basi ni "nastúpiť", kushuka ni "vystúpiť", kuinuka kitandani ni "vstať", kuelewa ni "pochopiť", kununua ni "kúpiť".

Kundi linalowatesa watu zaidi ni lile la "get" ikifuatwa na sifa. Mwingereza husema mtu amepata ugonjwa, uzee, unene, hasira, kwa kitenzi kilekile na kivumishi mbele yake. Mwanafunzi anatafuta "stať sa", yaani kuwa, anaunganisha na kivumishi, na sentensi inatoka nzito, wakati mwingine haieleweki. Lakini Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kila hali, na Kislovakia vilevile. Kuugua ni "ochorieť". Kuzeeka ni "zostarnúť". Kukonda ni "schudnúť", kunenepa ni "pribrať". Kukasirika ni "nahnevať sa", kupotea njia ni "stratiť sa", kulewa ni "opiť sa", kulowa kwa mvua ni "zmoknúť", kuzoea ni "zvyknúť si". Hili la mwisho linadai "na" pamoja na kitu kinachozoewa: "Zvykol si na zimu", amezoea baridi. Ukianza na Kiswahili, kila kimoja cha hivi ni suala la neno moja kwa neno moja.

Pazuri kuliko pote ni kwenye ndoa. Kiingereza kina "get married" kwa wote. Sisi tuna kuoa, kuolewa na kuoana, na Kislovakia kina vitatu hivyohivyo. Mwanamume: "oženiť sa". Mwanamke: "vydať sa". Wawili kwa pamoja: "zobrať sa" au "vziať sa". Tena kila kimoja kina kiunganishi chake. "Oženil sa s Máriou", amemwoa Mária, kwa "s" na jina katika umbo la "pamoja na". "Vydala sa za Petra", ameolewa na Peter, kwa "za" na jina katika umbo la mtendwa. "Zobrali sa v máji", walioana Mei. Aliyeoa ni "ženatý", aliyeolewa ni "vydatá". Mwanamke akijaza fomu kwa kuandika "ženatá", karani atajua anamaanisha nini, lakini neno hilo si lake.

Kipimo kizuri cha mashine ya kutafsiri ni hiki: andika "Ameolewa" kwa Kiswahili, uone Kislovakia kinachotoka. Kikitoka "Je ženatý", ujue maana ya kuolewa imepotea njiani, na usiiamini mashine hiyo kwenye sentensi nyingine zinazohusu ndoa.

"Change": kubadili ni kubadili nini?

Hapa Kiswahili hakitusaidii sana, kwa kuwa na sisi husema kubadili kwa mambo mengi. Kislovakia huuliza kwanza: unabadili nini?

Mpango, maoni, jina: "zmeniť". Kitu kikibadilika chenyewe, "zmeniť sa": "Počasie sa zmenilo", hali ya hewa imebadilika. Ukitoa kimoja na kuweka kingine cha aina ileile, kama betri au balbu, ni "vymeniť". Fedha za kigeni nazo ni "vymeniť" au "zameniť", na duka la kubadilishia fedha ni "zmenáreň". Slovakia inatumia yuro tangu tarehe 1 Januari 2009, kwa hiyo anayetoka Ujerumani au Austria hahitaji duka hilo. Anayetoka Prague analihitaji, maana Cheki bado ina koruna.

Kisha kuna ukoo mzima wa vitenzi vinavyoanza na "pre-", kiambishi ambacho katika ukoo huu kina wazo la kutoka hali moja kwenda nyingine. Kubadili treni ni "prestúpiť": "Do Starého Smokovca musíte prestúpiť v Poprade", kwenda Starý Smokovec lazima ubadili Poprad, ambako unaacha treni kubwa na kupanda reli ya umeme ya milima ya Tatra. Kubadili nguo ni "prezliecť sa". Kubadili shuka ni "prezliecť posteľ". Kumbadilisha mtoto nepi ni "prebaliť". Kubadili gia ni "preradiť", kubadili chaneli ya televisheni ni "prepnúť". Kubadili viatu ni "prezuť sa", na hili utalikuta mapema kuliko unavyodhani: watu huvua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani, nyumbani na shuleni pia, na ndara hizo za kubadilishia huitwa "prezuvky". Gari nalo hufanyiwa "prezuť" linapovalishwa matairi ya majira ya baridi, kana kwamba limebadilishwa viatu.

Zimebaki pesa ndogondogo, na hapa Kiingereza kina "change" tatu tofauti kwenye kaunta moja. Sarafu ulizo nazo mfukoni ni "drobné": "Nemám drobné", sina chenji. Kuvunja noti ni "rozmeniť": "Rozmeníte mi päťdesiat eur?" Chenji unayorudishiwa ni "výdavok". Ukimwambia muuzaji "zmena" ukimaanisha chenji, hataelewa unataka nini, kwa sababu "zmena" ni mabadiliko, au zamu ya kazi kiwandani: "nočná zmena" ni zamu ya usiku.

"Put" na "put on"

Kwa Kiswahili kuweka kunatosha. Kwa Kislovakia angalia kitu kinakaaje baada ya kuwekwa. Kikilala, "položiť": "Položil knihu na stôl", aliweka kitabu mezani. Kikisimama, "postaviť": "Postav fľašu na stôl", weka chupa mezani. Kikiingia ndani ya kingine, "vložiť". Kikining'inia, "zavesiť". Ukikwama, "dať" inakubalika karibu popote katika mazungumzo, na Waslovakia wenyewe huitumia sana. Anza nayo, mengine yatakuja.

Kosa la kudumu haliko kwenye kitenzi bali kwenye mwisho wa nomino. Kitu kikielekea mezani ni "na stôl". Kikishakuwa mezani ni "na stole". Ukisema "Položil knihu na stole" unasikika kama mtu aliyekuwa juu ya meza.

Kuvaa nako kunagawanyika. Nguo ni "obliecť si", viatu ni "obuť si", kofia na miwani ni "nasadiť si" au "dať si". Kuvua hufuata mgawanyo uleule: "vyzliecť si" nguo, "vyzuť si" viatu, "zložiť si" miwani au kofia. "Vyzujte sa, prosím" maana yake vua viatu tafadhali, na wanamaanisha.

"Free"

Hili ni rahisi mno kwetu. Huru ni "slobodný", bure ni "zadarmo", penye nafasi ni "voľný". Kiti hakina mtu: "Je toto miesto voľné?" Mtu ana nafasi kesho: "Zajtra mám voľno." Ukisema "Zajtra som slobodná" umesema kwamba kesho hutakuwa na mume, kwa sababu "slobodný" ndilo neno la asiyeoa na "slobodná" la asiyeolewa. Kuna mtego mmoja tu wa kuogopa: "Vstup voľný" mlangoni mwa maonyesho maana yake hakuna kiingilio, ingawa neno lililotumika ni la nafasi. Na ile "free" ya kwenye vyakula, kwamba kitu fulani hakimo, ni "bez": "bez cukru", bila sukari. Kisicho na gluteni kina kivumishi chake, "bezlepkový".

"Know" na "can" zisomwe pamoja

"Vedieť" ni kujua jambo au kujua kufanya. "Poznať" ni kufahamu mtu, mahali, kitabu, kwa kukutana nacho. "Viem, kde býva", najua anakoishi. "Poznám ho", namfahamu. Kwa Kiswahili kujua kunabeba yote mawili, kwa hiyo jizoeze kujiuliza: je, ninaweza kuweka kufahamiana hapa? Ukiweza, ni "poznať".

Upande wa pili wa "vedieť" ndio unaotupendelea. Sisi husema "unajua kuogelea?" na Mslovakia husema "Vieš plávať?", neno kwa neno. Anayefikiri kwa Kiingereza huanza na "can" na kufika "Môžeš plávať?", swali ambalo maana yake ni kama hali inamruhusu, labda ana kidonda au bwawa limefungwa. Kujua ni "vedieť", kuweza ni "môcť", kuruhusiwa ni "smieť": "Tu sa nesmie fajčiť", hairuhusiwi kuvuta sigara hapa.

"Ask", na kitu kidogo kinachogeuza maana

Kuuliza ni "pýtať sa", au "opýtať sa" ukiuliza mara moja na kumaliza. Kuomba ni "požiadať" au "poprosiť". Mgawanyo ni wetu uleule. Sumu iko kwenye "sa": ukiiacha, "pýtať" peke yake ni kuomba upewe. "Pýtal sa na peniaze", aliuliza kuhusu pesa. "Pýtal peniaze", aliomba pesa. Kwa hiyo usiandike kitenzi daftarini bila "sa" au "si" yake. Ni sehemu ya neno, kama ilivyo kwetu -ji-: "učiť" ni kufundisha, "učiť sa" ni kujifunza.

Pale Kiingereza kinapogawanya bure

Hadi hapa shida ilikuwa neno moja kugawanyika. Kuna safari ya kinyume, ambayo Mswahili akiipitia Kiingereza anajiongezea mzigo. Kiingereza kina "hand" na "arm", "foot" na "leg", "finger" na "toe". Mslovakia katika mazungumzo ya kila siku ana "ruka", "noha" na "prst": mkono, mguu, kidole. Kidole cha mguu ni "prst na nohe". Humuhitaji Mwingereza hapa hata kidogo.

Saa ndiyo mfano ninaoupenda. Kwa Kiswahili saa ni kipindi cha dakika 60, ni chombo cha ukutani na ni kile cha mkononi. Kiingereza kina maneno matatu yasiyofanana. Kislovakia kina shina moja: "hodina" ni kipindi, "hodiny" ni ya ukutani, "hodinky" ni ya mkononi. Hizi mbili za mwisho ziko katika wingi daima, kama "okuliare", miwani, na "dvere", mlango, kwa hiyo kitenzi nacho kiwe cha wingi: "Dvere sú otvorené", hata kama mlango ni mmoja. "Hodina" pia ni kipindi cha darasani. Na swali ni "Koľko je hodín?", saa ngapi, wala usiweke humo neno la wakati, "čas".

Jibu lake lina mtego. Kislovakia huhesabu sehemu za saa inayokuja. "Pol ôsmej", nusu ya saa ya nane, ni 7:30, yaani saa moja na nusu kwa hesabu yetu. "Štvrť na osem" ni 7:15 na "trištvrte na osem" ni 7:45. Anayesikia nane na nusu akaja 8:30 amechelewa saa nzima. Ratiba za treni na mabasi huandikwa kwa saa 24, hivyo zinasomeka bila shida. Hatari iko kwenye miadi ya mdomo.

Ukoo nao una mambo. "Uncle" ya Kiingereza haitofautishi upande. Kwa desturi ya Kislovakia ndugu wa kiume wa baba ni "strýko" na wa mama ni "ujo", kama baba mdogo au baba mkubwa na mjomba. Siku hizi wengi hawatenganishi kwa ukali, na watoto humwita "ujo" mwanamume yeyote mtu mzima. "Teta" inatumika pande zote mbili. Hapo shangazi na mama mdogo wanakuwa neno moja.

Mengine ya haraka: "date" ni "dátum" ikiwa tarehe, "rande" ikiwa miadi ya wapendanao, "datľa" ikiwa tende. "Nail" ni "klinec" ukipigiliwa kwa nyundo, "necht" ukiwa ukucha. "Letter" ni "písmeno" ikiwa herufi, "list" ikiwa barua, na "list" hilohilo ni jani la mti. "Spring" ni "jar" ikiwa majira ya kuchipua, "prameň" ikiwa chemchemi, "pružina" ikiwa ya chuma. "Miss" ni "zmeškať" kwa treni. Kwa mtu hugeuka, anayekosekana ndiye mtenda: "Chýbaš mi", nimekukumbuka. "Hot" ni "horúci" kwa supu ya moto, "pálivý" au "štipľavý" kwa pilipili. Ukisikia joto wewe mwenyewe sema "Je mi teplo", kamwe usiseme "Som teplý", ambayo mtaani humaanisha shoga, tena kwa dharau. "Leave" ni "odísť" kwa kuondoka, nayo haichukui kitu moja kwa moja: "odísť z domu". Kitu kikifuata bila kiunganishi, tumia "opustiť", na kwa kuacha kitu mahali tumia "nechať".

Kuna pia maneno yanayofanana sura tu. "Hosť" ni mgeni, si mwenyeji. "Šéf" ni bosi. Mpishi ni "kuchár". "Aktuálny" ni cha sasa, "eventuálne" ni pengine. "Gymnázium" ni shule ya sekondari. Na ukitaka chakula kisicho na kemikali za kuhifadhia omba "bez konzervantov", kwa kuwa "prezervatív" ni kondomu.

Namna ya kuandika daftari

Usiandike safu ya Kiingereza kabisa. Kila mstari uwe na vitu vinne: maana kwa Kiswahili, jozi ya vitenzi, swali la umbo la nomino inayofuata, na sentensi moja fupi. Mfano: kumwomba mtu kitu, "žiadať / požiadať", "koho o čo" (nani, kitu gani), "Požiadala som lekára o recept", nilimwomba daktari cheti cha dawa. Yale "koho", "čo", "komu", "s kým" (nani, nini, kwa nani, pamoja na nani) huandikwa na kamusi nzuri kando ya kitenzi, na watu huyaruka wakidhani ni mapambo. Ndiyo yanayokuambia nomino ibadilike vipi mwishoni.

Jozi ni lazima kwa sababu vitenzi vingi vya Kislovakia huja viwili: kimoja cha tendo linaloendelea au kujirudia, kwenye kamusi "nedok.", na kimoja cha tendo lililofika mwisho wake, "dok." Hivyo kamusi inapokupa maneno manane, huenda maana ni nne tu. "Meniť / zmeniť", "prestupovať / prestúpiť", "obúvať / obuť", "kupovať / kúpiť". Kosa la kawaida: "Kupujem chlieb" ni ninanunua mkate, lakini "Kúpim chlieb", japo ina umbo la wakati uliopo, ni nitanunua. Na "Učil som sa po slovensky" inasema nilijifunza tu. "Naučil som sa po slovensky" inasema nilijifunza nikajua.

Nomino ziandikwe na ngeli yake: m. ya kiume, ž. ya kike, s. ya kati. Zile za wingi daima kamusi huziwekea "pomn."

Ukishachagua neno, lihakiki upande wa pili, kwa kulitafuta kwenye kamusi za Kislovakia kwa Kislovakia. Taasisi ya isimu ya Ľudovít Štúr huko Bratislava imeziweka wazi kwa wote kwenye slovnik.juls.savba.sk. Huhitaji kuelewa fasili yote; tazama mifano, uone ni vitu gani vimekaa kando ya neno hilo. Ukitafuta "vymeniť" ukakuta balbu na gurudumu, na wewe ulitaka kubadili treni, rudi kwenye orodha yako uchukue lingine. Mifano ikiwa michache, korpus.sk ina mkusanyo wa taifa wa maandishi ya Kislovakia: andika kitenzi, soma mistari 10 ya kwanza, na unakili ule unaokaribia zaidi sentensi uliyokuwa ukitaka kuisema.